Kondoo Wasio na Mchungaji: Matembezi katika Milima ya Mayo

Barabara nyembamba inayotoka mji mdogo wa Louisburgh kuelekea Leenane, magharibi mwa Ireland, ina wenyewe, na wenyewe hao ni kondoo. Hulala juu ya lami kwa sababu lami hutunza joto la jua kuliko majani yaliyolowa, wakacheua taratibu, na gari linapotokea hulitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Dereva mwenyeji hapigi honi. Hupunguza mwendo, husimama, akasubiri mpaka mama anyanyuke, amwite mwanawe aliye upande wa pili wa barabara, kisha wote wawili waondoke kwa wakati wanaoutaka wao. Mimi nilipita hapo kwa miguu mwanzoni mwa Julai, nikiwa na begi mgongoni na koti la mvua ambalo sikulivua hata jua lilipowaka, na kwa hiyo nilipata nafasi ya kuwatazama kwa karibu kuliko walio ndani ya magari.

Wengi wao ni wa mbegu ya milimani iliyotoka Uskoti katika karne ya 19: uso mweusi wenye mabaka meupe puani, pembe zilizojipinda kwa dume na hata kwa jike, na sufu ndefu, nzito, inayoning'inia hadi karibu na magoti. Mtu aliyekulia upande wa Longido, kaskazini mwa Tanzania, ambako kondoo ni mnyama mwekundu mwenye manyoya mafupi na mkia ulionona, huhitaji muda kidogo kukubali kwamba huyu naye ni kondoo. Jambo lililonishangaza zaidi, hata hivyo, halikuwa umbo lake. Katika bonde zima, kutoka ziwa la Doo Lough hadi kilele cha Mweelrea chenye mita 814, sikuona mchungaji hata mmoja. Hapakuwa na mtoto mwenye fimbo, hapakuwa na kijana aliyeketi juu ya jiwe, na katika miteremko ya juu hapakuwa na uzio pia. Kondoo walitapakaa mlimani kama walivyotaka, wengine wakiwa mbali kiasi cha kuonekana vitone vyeupe tu juu ya miamba, na hakuna aliyeonekana kuwa na wasiwasi nao.

Sehemu ya jibu ni kwamba hakuna wa kuwala. Kwetu mchungaji hushinda na kundi kutwa nzima na kulirudisha bomani jioni kwa sababu kuna fisi, kuna chui, na katika baadhi ya maeneo kuna simba. Ireland ilikuwa na mbwamwitu wa Ulaya, lakini waliwindwa mpaka wakaisha. Wa mwisho huaminika kuuawa mwaka 1786. Waliobaki ni mbweha, na wale kunguru wakubwa ambao hudonoa macho ya mwanakondoo aliyezaliwa punde, basi. Mnyama aliyekwishakua hana adui mlimani isipokuwa baridi, tope na mbwa wa watalii.

Sehemu ya pili ya jibu niliipata kwa mzee mmoja niliyekutana naye mbele kidogo ya ziwa, akiwa juu ya pikipiki ya magurudumu manne, na nyuma yake mbwa mweusi mwenye kifua cheupe amejibanza kwenye kikapu cha chuma. Nilimwuliza kondoo wake wanajuaje mpaka ulipo. Akasema kwamba mama ndiye anayejua. Mwanakondoo jike huzaliwa katika kipande fulani cha mlima, hufuata nyayo za mama yake msimu mzima, hujifunza ni wapi pa kujikinga upepo wa magharibi unapovuma na ni wapi majani huchipua mapema, na akikua hubaki hapo hapo na kumfundisha wake. Ndiyo maana mkulima akiuza shamba la mlimani, mara nyingi kundi huuzwa pamoja na ardhi. Kondoo mgeni akiletwa kwenye mlima usio na uzio, kesho yake yuko kilomita kadhaa mbali, katika malisho ya mtu mwingine. Nilielewa pia kwa nini ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia nchini humo mwaka 2001, katika rasi ya Cooley huko Kaunti ya Louth, na maelfu ya kondoo wakauawa kuuzuia usienee, watu wa milimani waliona hasara yao haiwezi kulipwa kwa hundi peke yake. Kondoo wengine unaweza kuwanunua mnadani, lakini kondoo anayeujua mlima wako humpati sokoni.

Siku hiyo mzee alikuwa anakusanya kundi lake kwa ajili ya kukata sufu, na aliniruhusu nimfuate kwa sharti la kusimama pale atakaponiambia na kutosogea. Kazi hasa ilifanywa na mbwa. Alipanda mteremko kwa mzunguko mpana, mbali sana na kondoo, mpaka nikadhani amepotea. Kisha akatokea juu yao, akalala chini, akainua kichwa tu. Mzee alipiga mluzi mmoja mrefu na mbwa akanyata kwa hatua za polepole, tumbo likikaribia kugusa majani, macho yake yakiwa yamewaganda wale wa mbele. Hakubweka hata mara moja, wala hakumgusa yeyote. Kondoo walioniona mimi na kunipuuza kutwa nzima sasa walijikusanya, wakageuka, wakaanza kuteremka kwa mstari katika njia nyembamba ambayo vizazi vya kwato vimeichimba kwenye udongo mweusi wa mboji. Mluzi mfupi ulimpeleka mbwa kushoto, mwingine ukampeleka kulia, na mmoja wenye sauti ya kushuka ukamlaza papo hapo. Nimeona wachungaji hodari wengi maishani, lakini sijaona mtu akiendesha kundi la ukubwa ule akiwa amesimama mahali pamoja na mikono mfukoni.

Zizi lilikuwa la mawe na mabati kando ya barabara, na hapo ndipo nilipopata maelezo ya rangi. Kila kondoo alikuwa na doa la buluu begani, na baadhi walikuwa na alama iliyofifia ya rangi nyekundu kiunoni. La buluu ni la mwenye mali: kila familia inayotumia mlima ule ina rangi yake na mahali pake pa kuipaka, ili makundi yakichanganyika yaweze kutenganishwa kwa kutazama tu kutoka mbali. Zamani alama ilikuwa ni kuchanja masikio, kila ukoo na mkato wake, na nilipomwambia mzee kwamba wafugaji wa kwetu hufanya vivyo hivyo hadi leo, alitaka nimchoree mkato huo kwenye vumbi. Siku hizi sheria inataka hereni za plastiki zenye namba, lakini namba haisomeki ukiwa upande wa pili wa bonde. Ile nyekundu ina hadithi yake. Wakati wa kupandisha, ambao kwa kondoo wa milimani huangukia Novemba, dume huvishwa mkanda wenye kipande cha chaki ya rangi kifuani, na kila jike anayepandwa hubaki na ushahidi mgongoni. Baada ya siku kama 16 rangi hubadilishwa, kwa kuwa mzunguko wa jike ni siku 17 hivi; aliyepata rangi ya pili ni yule ambaye mara ya kwanza hakushika mimba. Mimba huchukua takriban miezi mitano, kwa hiyo mkulima akitazama migongo tu anajua nani atazaa mwanzoni mwa Aprili na nani atachelewa. Ni daftari la uzazi linalotembea hadharani, na nadhani kuna watu wengi wanaoshukuru kwamba utaratibu huo uliishia kwa kondoo.

Kukata sufu ni kazi ya nguvu na ya adabu kwa pamoja. Kijana aliyekuja kusaidia alimshika kondoo chini ya kidevu, akampindua na kumkalisha kwa matako, mgongo ukiegemea magoti yake, na mnyama yule aliyekuwa akirusha miguu akatulia ghafla. Mashine ya umeme ilianza tumboni, ikashuka kwenye paja la kushoto, ikapanda shingoni, kisha ikapita mgongoni kwa mikato mirefu, na sufu ikavuka yote kwa pamoja kama vazi moja. Upande wa nje ulikuwa wa kijivu, umejaa miiba na tope. Upande wa ndani, uliokuwa umegusana na ngozi, ulikuwa mweupe wa maziwa na unang'aa kwa mafuta. Niliukunja kama nilivyoelekezwa, na viganja vyangu vikalainika. Fujo kubwa ilikuja baadaye. Mama aliyetoka mikononi mwa mkataji alikuwa mwembamba, mweupe, hafanani kabisa na yule aliyeingia, na mwanawe alipomwona alimkimbia. Makumi ya wana walilia, makumi ya mama wakajibu, kila mmoja akitafuta sauti aliyoizoea, na kelele hizo hazikwisha mpaka wa mwisho alipokutana na wake na kuingiza kichwa chini ya kiwele.

Nilitarajia kusikia kwamba sufu ile inalipa. Haifiki hata gharama ya kuikata. Sufu ya kondoo hawa ni nene na ngumu, inafaa kwa mazulia na vitu vya kuziba baridi ukutani, na kwa miaka ya karibuni wakulima wamekuwa wakipewa senti chache za euro kwa kilo. Hata hivyo ni lazima ikatwe, kwani kondoo akiachwa nayo majira ya joto hushambuliwa na inzi wanaotaga mayai ndani yake, na funza wakamla akiwa hai. Sweta nyeupe zenye mafundo ambazo watalii hununua Galway na Dublin kama kumbukumbu ya Ireland, mara nyingi zimefumwa kwa sufu laini ya merino kutoka nje ya nchi. Mzee alilisema hilo bila uchungu, huku akirusha mzigo kwenye gunia, kisha akaniuliza kondoo mzuri kwetu anauzwa kiasi gani. Nilipomtajia bei za mnadani kwa shilingi na kumbadilishia kwa euro, alinyamaza akipiga hesabu, akasema kwamba walau sisi hatulipi mtu kumvua nguo kwanza.

Jioni jua lilipokuwa linalala upande wa bahari, mwanga uliupiga mlima kwa ubavu, na nikaona jambo ambalo mchana halionekani. Miteremko yote iliyo juu ya ziwa, ile ambayo asubuhi niliidhania kuwa ni nyika tupu, ilikuwa na mistari sambamba inayopanda kutoka chini hadi mahali ambapo sidhani kama ng'ombe angefika. Ni matuta. Mtu yeyote aliyewahi kulima viazi hawezi kuyakosea. Majani yaliyotafunwa na kondoo mpaka yakabaki mafupi ndiyo yanayoyafanya yaonekane wazi namna ile. Bila wao yangefunikwa na vichaka zamani.

Mwaka 1841 Kaunti ya Mayo ilikuwa na watu karibu 389,000. Katika sensa ya 2022 walikuwa takriban 138,000. Kati ya tarakimu hizo mbili kuna ugonjwa wa viazi ulioingia mwaka 1845, miaka ya njaa iliyoua watu wapatao milioni moja katika Ireland nzima na kuwafukuza wengine zaidi ya milioni kwenda ng'ambo, na uhamaji ulioendelea kwa zaidi ya karne moja baada ya hapo. Barabara ile ile niliyokuwa ninatembea ina msalaba wa mawe wa kuwakumbuka watu wa Louisburgh ambao mwishoni mwa Machi 1849, wakiwa hoi kwa njaa, waliamriwa na maofisa wa misaada kwenda kukaguliwa huko Delphi, umbali wa kilomita kama 19 kupitia bonde hili, ili wasifutwe katika orodha ya chakula. Walitembea katika baridi na mvua, wakarudishwa bila kupewa kitu, na wengi wakafia njiani. Idadi yao hubishaniwa hadi leo: barua iliyochapishwa gazetini wakati ule ilitaja maiti chache zilizookotwa, simulizi za wenyeji hutaja mamia. Kila mwaka watu huitembea njia hiyo kuwakumbuka, na mwaka 1991 Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini alikuwa miongoni mwao.

Kondoo walikuja baada ya hapo, na hawakuja kwa bahati. Wamiliki wa mashamba makubwa, wengi wao wakiwa na madeni, waliona kwamba mpangaji maskini mwenye tuta la viazi hawezi kulipa kodi, ilhali kondoo huzaa, huuzwa, na hadai kitu. Familia zilizosalia baada ya njaa zilitolewa kwa amri za mahakama, nyumba zikaezuliwa mapaa ili wasirudi, na mabonde yakakodishwa kwa wafugaji wakubwa. Bonde hili la Doo Lough lenyewe lilikodishwa na Marquess wa Sligo, mkabaila aliyelimiliki, kwa Kapteni Houstoun, aliyefuga humo kwa miaka mingi. Kisa kinachojulikana zaidi kilitokea kaskazini zaidi, Derryveagh katika Kaunti ya Donegal, ambako tajiri aitwaye John George Adair aliingiza kondoo na wachungaji kutoka Uskoti, akagombana na wenyeji kuhusu wanyama waliopotea au kufa, na msimamizi wake James Murray alipokutwa ameuawa Novemba 1860, akawaadhibu wote kwa pamoja: Aprili 1861 alizifukuza familia 47, watu 244, huku askari wakilinda. Vijana wengi miongoni mwao walisafirishwa Australia. Leo Derryveagh ni sehemu ya hifadhi ya taifa, na ni pazuri mno kwa picha. Wasomaji wangu wa Arusha na Manyara, ambako pia kuna mandhari yanayosifiwa kwa kuwa hayana watu, hawahitaji nilifafanue hili zaidi.

Ningekuwa nimeishia hapo, ningeondoka nikiwachukia wale kondoo kidogo. Lakini mzee wangu hakuwa mjukuu wa Kapteni. Alikuwa mjukuu wa wapangaji, na kondoo wenye doa la buluu walikuwa wake. Mapambano ya ardhi yaliyoanza mwaka 1879 hapo hapo Mayo, kisha sheria zilizofuatia, ikiwemo ile ya mwaka 1903 iliyowawezesha wapangaji kununua mashamba kwa mikopo ya muda mrefu ya serikali, ziliurudisha mlima kwa watu waliobaki. Bodi iliyoundwa mwaka 1891 kwa ajili ya wilaya maskini za magharibi ilinunua mashamba makubwa na kuyagawa. Kisiwa cha Clare, kinachoonekana kutoka ufukwe wa Louisburgh, kilinunuliwa mwaka 1895. Vipande vya chini vikagawiwa kila familia, na mlima wenyewe, usiogawanyika, mara nyingi ukabaki wa pamoja, kila nyumba ikiwa na hisa yake inayorithiwa. Ndiyo sababu hakuna uzio kule juu, na ndiyo sababu rangi zina maana. Mnyama yule yule aliyeletwa kuchukua nafasi ya watu ndiye sasa anayewapa wachache waliobaki sababu ya kubaki.

Hata hiyo sababu ilikaribia kuharibika. Kuanzia miaka ya 1980 Jumuiya ya Ulaya ilimlipa mfugaji kwa kila kichwa cha kondoo jike, na ukimlipa mtu kwa kichwa, atakuletea vichwa. Milima ilijaa, majani yakaisha, mboji ikabaki wazi na mvua ikaisomba hadi kwenye mito ya samoni. Mwaka 2002 Mahakama ya Ulaya iliitia Ireland hatiani kwa kuacha malisho kupita kiasi yaharibu makazi ya ndege katika milima ya Owenduff na Nephin, hapo hapo Mayo. Idadi ikapunguzwa kwa mipango maalumu ya kila mlima, na malipo siku hizi hufuata zaidi ukubwa wa ardhi na hali yake. Mzee aliniambia kwamba baba yake asingeelewa hata chembe ya fomu anazojaza yeye. Mapato yake makubwa, alisema, hutoka kwenye fomu hizo; wana wanaouzwa vuli huja nafasi ya pili, na sufu haimo.

Nyama yao, niseme kwa haki, ni tamu sana. Mwanakondoo wa milima ya Connemara, upande wa pili wa ghuba ya Killary, analindwa jina lake na Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2007, na sahani niliyokula Leenane, nyama iliyochemshwa polepole pamoja na karoti na viazi, ilikuwa na ladha ya majani makali ya mlimani ambayo nilidhani huipati nje ya umasaini. Walikuwa hawana pilipili. Hilo nawasamehe.

Kwa wale mnaoishi Dublin, au mnaopanga kuvuka kutoka Uingereza, na mnataka kuiona njia hii, nendeni kati ya Mei na Septemba, na msitegemee basi la kupita bondeni. Endesheni polepole baada ya kila kona, hasa jioni, wakati lami ina joto na wamekwisha kulala. Mkiona mwanakondoo upande mmoja na mama upande mwingine, simameni kabisa, kwani atavuka. Mbwa abaki ndani ya gari, hata kama ni mpole; mkulima ana haki kisheria kumpiga risasi mbwa anayesumbua kundi, ilimradi hana njia nyingine ya kumzuia. Na geti mlilolikuta limefungwa lifungeni tena, mlilolikuta wazi liacheni wazi, hata kama kwa macho yenu inaonekana aliyelifungua alijisahau.